Siku Niliyolamba Kofia ya Bwana Harusi

Mimi nililamba kofia. Sisemi kwa mafumbo, nasema nililamba kwa ulimi huu huu ninaolia nao ugali, kofia iliyotoka kichwani kwa mwanaume wa watu, mbele ya shehe na wazee wa Msimbati waliokaa kwenye jamvi na kanzu zao zimenyooka, na nilipomaliza nikaambiwa nirudie, nikarudia. Kwa muda mrefu nilikuwa sipiti njia ya sokoni kichwa juu, napita vichochoroni kama mdaiwa. Leo nasimulia kwa sababu yamekwisha salama na kwa sababu wapo watu wanaolisimulia vibaya, hasa Rukia, ambaye ndiye mwenye kosa. Nitawataja mmoja mmoja. Mtu mzima akishavuka mtihani hana haja ya kumfichia mtu.

Nauza kofia hapa Mtwara mjini, duka la tajiri mmoja ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa bado nakula kwake. Shule niliishia darasa la nne, na mume niliyekuwa naye (Hamisi Mtopwa, nalitaja kwa herufi zote) alivuka Ruvuma kwenda kutafuta maisha upande wa Msumbiji akayapata, na mke mwingine akampata, mimi huku akaniachia mlango usio na komeo. Sikufa. Niliuza mihogo ya kuchemsha, niliuza mabibo, nilifua nguo za watu, mwisho nikaingia kwenye kofia na humo ndimo Mungu alimoniwekea riziki, maana kumbe nilikuwa na jicho na sikujua. Mtu akiingia dukani mimi siangalii uso, naangalia kichwa. Mwenye shingo fupi simpi kofia ndefu, ataonekana kama chupa iliyozibwa. Mwenye mashavu mapana namtafutia yenye ukingo uliosimama kidogo ili uso upate kupumua. Kijana akija anataka kapelo namuuliza anakwenda wapi nayo, kama ni posa namrudisha kwenye baraghashia, kama ni mpirani namwacha. Mzee akija kuchagua na mkewe, namuuliza mke. Watu wakitoka kwangu wanajitazama kwenye kioo cha mlangoni wanatabasamu, nami hapo najiona na mimi mtu.

Basi siku moja akaingia kaka Issa wa Nanyamba.

Issa ni mkulima wa korosho, mtu mkubwa, mpole, sauti yake ndogo kuliko kifua chake, umri wake umeshapita ule wa kuitwa kijana. Alivaa mzula wa sufu. Jamani, mzula, jua la Mtwara lile, korosho zinaanikwa nje zinakauka kabla ya adhuhuri, na yeye kavaa mzula mpaka masikioni! Nikajua hapa pana jambo. Nikamwambia, "Kaka, vua nipime."

Akatazama nyuma. Akasubiri wateja watoke. Akaniambia, "Dada, usicheke."

Alipovua nikaona. Kisogoni alikuwa na nundu, imekaa kama kiazi kilichobandikwa, laini, haina nywele. Kazaliwa nayo, haiumi, ila ilishamuumiza kwa njia nyingine, maana kule kwao kuna binti alishawahi kumkataa mbele ya wajumbe wa posa, akasema hawezi kulala na mtu mwenye vichwa viwili. Tangu siku hiyo kichwa chake hakijaona hewa. Sasa amepata mchumba Msimbati, mjane, jina lake Zainabu, wameelewana, mahari imekubaliwa, ila Zainabu hajamwona kichwa wazi, na baba yake mdogo, Mzee Chipande, ambaye ndiye walii wa kumwozesha, ni mtu wa kutafuta dosari hata kwenye mchele uliokwisha kupepetwa.

"Nataka kofia ya ndoa," akasema Issa. "Nzuri, ya kushonwa kwa mkono. Lakini kubwa kuliko yote, dada, isitoke. Upepo uvume, watani waruke, isitoke. Tukishaoana nitamwonyesha mwenyewe taratibu. Wakiiona kabla ya ndoa, nimekwisha."

Ningekuwa na akili siku ile ningemuuza kofia ya kawaida nikamwombea dua. Lakini nilimwonea huruma, na huruma ya mtu aliyeachwa ni mbaya, haina kipimo. Nikamwambia, "Kaka Issa, hiyo niachie mimi."

Sasa kofia ya mkono ikishafuliwa inapigwa wanga, ndiyo inasimama. Wanga wetu sisi ni wa muhogo: unakuna muhogo mbichi, unaukamua kwenye kitambaa, yale maji unayaacha yatulie, ule unga mweupe wa chini ndio unaupika unakuwa uji mwepesi. Unachovya kofia, unaivisha kwenye kitu cha duara, inakauka na umbo lile lile. Dukani tuna vibao vya kuvishia, lakini kibao chenye nundu nani anacho? Nikapima kichwa cha Issa kwa uzi, nikafunga fundo pale nundu inapoanzia na pale inapoishia, nikaenda sokoni kutafuta boga.

Msicheke. Nilizunguka meza za maboga na uzi wangu, napima hili, nageuza lile, natafuta lenye kinundu upande mmoja. Muuza maboga akaniuliza, "Mama, unapika au unaposa?" Nikamwambia namtafutia mtu kofia. Akawaita wenzake waje wanione. Nikalipata hata hivyo, boga zuri, nundu yake mahali pake, nikalibeba kifuani kama mtoto.

Hapo ndipo anapoingia Rukia. Rukia ninauza naye duka moja, mwanamke wa maneno mengi na kazi chache, akanikuta nakoroga wanga akaniambia, "Somoe, wanga mtupu hauwezi kazi hiyo. Tia sukari. Mimi shangazi yangu alikuwa anatia sukari kwenye vitambaa vyake vya kufuma vya mezani, vinasimama kama bati." Nikamuuliza, "Haina neno?" Akasema, "Neno gani? Kitambaa kimesimama miaka!" Nikatia sukari. Nikaona mkono wangu mwenyewe unaongeza kijiko kingine. Kwa haki ya Mungu kofia ile ilipokauka ilitoka kwenye boga inalia *ko ko ko* ukiigonga, nyeupe, inang'aa, kila kitobo kimekaa sawasawa, na nyuma ina mfuko wake wa siri wa kuilaza nundu. Issa alipoivaa akajitazama kwenye kioo mbele, akajitazama ubavuni kwa kioo kidogo, macho yakamlowa. Akaniambia, "Dada Somoe, lazima uje harusini uniweke vizuri mwenyewe."

(Shangazi yake Rukia vitambaa vyake vilikuwa vinakaa mezani. Meza haitoki jasho. Hilo Rukia hakulisema, na mimi sikuliuliza.)

Siku ya ndoa tulipanda Noah ya kukodi, Issa na wazee wake wawili, mimi na Rukia nyuma. Rukia nani alimwalika sijui mpaka leo. Dereva wetu Dula, mtu wa kuongea na simu kuliko kushika usukani, tulipopita Madimba akakata njia eti anakwepa mashimo, akatuingiza kwenye mchanga, gari likazama mpaka tumboni. Wanaume wakashuka kusukuma. Bwana harusi naye akashuka, nikampigia kelele, "Kaka Issa, wewe kaa!" lakini mtu mpole hawezi kukaa wenzake wanasukuma, akakunja kanzu akaweka bega, jua likamkalia utosini, na gari lilipotoka nikaona paji lake linang'aa. Nikamfuta kwa leso. Leso ikanata. Nikaitazama ile leso, nikamtazama Rukia, Rukia akatazama dirishani.

Tukafika Msimbati. Nyumbani kwa Mzee Chipande turubai limefungwa uani, wanaume wamekaa kwenye jamvi, sisi wanawake tukapelekwa upande wa pili wa pazia la khanga lililotungwa kwenye kamba, nikachagua mahali penye upenyo. Shehe akaanza khutba. Issa na Mzee Chipande wamekaa uso kwa uso, magoti karibu kugusana, wameshikana mkono wa kulia kama inavyotakiwa. Na chini ya turubai lile, jamani, joto lilikuwa kama la chungu kilichofunikwa.

Kwanza akaja nzi mmoja. Akatua juu ya kofia, akatulia. Wakaja wenzake. Issa hapungi, maana mkono mmoja umeshikwa na mwingine ameuweka gotini kwa heshima. Akaja nyuki. Kisha nikaona mchirizi mweupe unatoka chini ya ukingo wa kofia, unashuka mbele ya sikio taratibu, na mwingine unashuka pajini, unapita katikati ya nyusi, unafika puani, unaning'inia. Nikasema moyoni, tone wewe, usianguke. Likaanguka. Likaangukia mkono wa Mzee Chipande.

Shehe alikuwa ameshamwambia Mzee Chipande amfuatishe maneno ya kuozesha. Mzee Chipande akautazama mkono. Akauchomoa mkono wake, ukatoka na uzi mrefu wa utelezi kama bamia. Akaunusa.

"Hiki nini?"

Issa akainamisha kichwa.

"Nakuuliza wewe, kijana. Kinachokutoka kichwani nini?"

Sasa katika ukoo ule kuna mtani wao anaitwa Fakihi, na Fakihi alikuwa anangoja zamu yake, maana mtani pale kazi yake ni kumpokonya bwana harusi kofia akimbie nayo mpaka ikombolewe kwa jogoo. Alipoona mambo yamesimama akadhani ndio wakati wa kuchangamsha watu. Akaruka, akaidaka kofia kwa juu, akavuta. Haikutoka. Akavuta tena, kichwa cha Issa kikaenda pamoja na kofia, Issa akapiga kelele "Yalaa!" na akaishika kofia kwa mikono miwili. Watu wakacheka. Fakihi akavuta mara nyingine, hakucheka tena, akaachia, akatazama vidole vyake vinavyonata, akarudi nyuma hatua moja.

"Kofia hii imefungwa," akasema. "Hii si kofia."

Na neno likapita jamvini kama moto wa majani. Dawa. Ametia dawa kwenye kofia. Kaja kumpumbaza walii amtoe mtoto bila kufikiri. Mzee Chipande akasimama, mkono wake kaushika mbali na mwili kama si wake. "Nilijua! Mtu wa umri huu hajaoa, nikasema ana kitu. Umekuja kunifunga mimi akili nyumbani kwangu? Shehe, funga kitabu. Ndoa hakuna."

Nyuma yangu nikasikia mwanamke anaangua kilio. Alikuwa Zainabu, kakaa chumbani mlango wazi, kapambwa, hina imekolea. Sikuwahi kumwona kabla. Lakini kilio kile nakijua, ni cha mtu anayeona mlango unafungwa mara ya pili.

Nikamtazama Issa. Angesema tu "ni wanga" yangekwisha, lakini angeambiwa vua tuone, na kuvua ndiko alikokuwa anakukimbia maisha yake yote. Kang'ang'ania kofia kwa mikono miwili, midomo imekauka, macho yanatafuta kwenye pazia. Ananitafuta mimi.

Rukia akaninong'oneza, "Somoe, tupite nyuma. Dula kageuza gari."

Nami nakiri miguu ilitaka. Lakini niliwaza, huyu mtu aliniambia usicheke, sikucheka, sasa nimkimbie? Nikasukuma pazia, kamba ikakatika, khanga zote zikaanguka juu yangu, nikatokea mbele ya wanaume nimejifunika khanga za watu kichwani kama mzimu, mzee mmoja akasoma *audhubillahi*.

"Si dawa!" nikasema huku najifungua. "Wazee wangu, shikamooni, si dawa. Ni wanga wa muhogo na sukari. Kofia niliipiga mimi, Somoe, wa duka la kofia mjini. Nilitia sukari ikaze. Kosa langu, na la yule pale anayejificha, anaitwa Rukia."

"Mwenye dawa hakosi maneno," akasema Mzee Chipande. "Sukari kwenye kofia nani amewahi kusikia? Kama ni sukari, ilambe."

"Naam?"

"Kofia ilambe. Wewe si ndiye fundi? Chakula hicho, umesema muhogo na sukari. Kula tuone."

Sasa ili niilambe lazima kwanza itoke. Nikachuchumaa mbele ya Issa, nikamwambia polepole ili wengine wasisikie, ingawa walisikia wote, "Kaka Issa, iachie."

"Dada, uliniambia haitatoka."

"Isipotoka huoi."

Akafumba macho. Akashusha mikono.

Nikaomba maji ya uvuguvugu, yakaja kwenye birika la chai. Mimi mwanamke siwezi kumshika kichwa mwanaume wa watu pale, basi nikamwagiza Fakihi: mimina pembeni, ngoja ilainike, usivute, zungusha, zungusha kama kifuniko. Fakihi anamimina, maji meupe yanamshuka Issa mpaka kifuani, kanzu yote imelowa. Kofia ikatoka, *plop*, kama mguu kwenye tope la mikokoni, na nundu ikatokea mbele za watu wote inang'aa kwa sukari.

Shingo zote jamvini zikanyooka. Hata nzi nadhani walitazama. Fakihi akanipa kofia.

Nikailamba. Niliwaza nitagusa tu kwa ncha ya ulimi, lakini Mzee Chipande alikuwa ameinama kunichungulia mdomoni, basi nikailamba kwa ulimi wote, kuanzia ukingoni mpaka juu. Ilikuwa na sukari, ndiyo, na muhogo, halafu kuna jasho la kusukuma Noah, kuna mafuta ya nazi, kuna mchanga wa Madimba, na mguu wa nzi naamini ulikuwemo. Nikameza. Nikafungua mdomo nikawaonyesha.

"Tena," akasema Mzee Chipande. "Upande ule wa mfuko."

Nikaulamba na upande wa mfuko.

Wakangoja nianguke. Sikuanguka. Nikabeua kidogo tu. Hapo Fakihi, Mungu amjalie, akaninyang'anya ile kofia, akaing'ata ukingo wake kwa meno ya pembeni, akatafuna, akawatazama watu kwa uso wa mtu anayeonja pilau la msiba, akasema, "Tamu jamani! Imekosa iliki tu. Shehe, nikukatie kipande?"

Shehe akacheka mpaka kitabu kikamwanguka mapajani, na shehe akicheka nani atanuna. Uwanja mzima ukalipuka. Mzee Chipande peke yake ndiye aliyebaki amekunja uso, akaonyesha kidole kisogoni kwa Issa. "Haya, sukari tumeona. Na hicho mlichotuficha?"

Issa akaifunika nundu kwa kiganja. Lakini kwetu, upande wa wanawake, shangazi yake Zainabu akatoa kichwa mlangoni akapaza sauti, "Chipande! Mwali anasema hicho hajafichwa. Anasema alikiona zamani, siku mchumba wake alipolala kwenye mkeka kungoja chai, mzula ukateleza, yeye mwenyewe akaurudisha taratibu asije akamwamsha. Anasema kama wewe hukitaki usikioe, yeye anakioa. Na anasema pilau linaungua!"

Nilimtazama Issa usoni wakati maneno yale yanafika. Sina namna ya kuuandika uso ule.

Ikabaki kwamba hawezi kuozwa kichwa kitupu kimelowa. Shehe akavua shali lake la begani, nikamwelekeza Fakihi: kunja pembe, zungusha hapa, pitisha chini ya nundu, bana. Kilemba. Na kilivyokaa! Nundu ikawa imekishikilia kwa nyuma kama kigingi, uso wa Issa ukarefuka, akawa kama sultani. Nikasimama pale mdomo mtamu, nakitazama, mimi ninayejifanya najua vichwa vya watu, nikasema lahaula, huyu alikuwa mtu wa kilemba tangu siku ya kwanza. Ningemsikiliza kichwa chake badala ya hofu yake, boga lile tungelila kwa nazi.

Wakaoana. Mzee Chipande akatoa mkono, akaufuta kwanza kwenye kanzu, akamshika Issa, akamwozesha kwa sauti ya kukoroma lakini akamwozesha. Nililia pale nyuma ya khanga zilizofungwa upya, nikala pilau sahani mbili ili kuondoa ile ladha, na ladha haikuondoka.

Jina ndilo lililobaki. Rukia alilifikisha mjini kabla mimi sijashuka kwenye gari, na mpaka sasa watoto wa Rahaleo wananiita Mama Lamba. Tajiri yangu alicheka mpaka akashika ukuta, hakunifukuza. Juzi Issa na Zainabu walipita dukani, yeye kichwa wazi, kimenyolewa, jua linakipiga, nundu inaonekana na mtu anayetokea Mikindani huko, na hana habari. Nikamuuliza nimpe kofia gani. Akasema, "Nimekuja kukusalimu tu, dada." Mkewe akaniletea boga.

Wanga wangu siku hizi ni muhogo na maji, na Rukia akikaribia sufuria na kijiko namfukuza na mwiko. Na mteja akija akaniambia anataka kofia isiyotoka, namvalisha, namgeuza kwenye kioo, namwambia, itoke tu, baba, anayekutaka alishakiona unachoficha.